Nyumba Iliyogeuzwa Ndani Nje: Neno Juu ya Uhakiki wa Sanaa ya Wamaori



Wahenga wanasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumezoea kuitumia juu ya watu. Tunamwambia kijana anayetaka kuoa, tunamwambia pia mtu anayemfuata kiongozi juu ya suti yake. Leo tunataka kuitumia juu ya nyumba ya kweli, nyumba ya miti, iliyojengwa mbali sana na huku, kwenye visiwa vya Nyuzilandi katika bahari ya Pasifiki. Nyumba ile inaitwa Mataatua. Mwaka 1879 ilipelekwa mjini Sydney, katika inchi ya Australia, kusudi watu wa mataifa waione. Waliopewa kazi ya kuisimamisha waligeuza kuta zake: upande wa ndani wakauweka nje. Watu wakapita, wakatazama, wakaenda zao. Hakuna aliyehitaji kufungua mlango.

Katika makala hii tunataka kuonyesha jambo moja tu. Kosa lile la Sydney halikuwa kosa la mafundi peke yao. Ni kosa la kila mtu anayehukumu sanaa ya asili akiisha kuitenga na watu wake. Linafanyika katika vitabu, katika makumbusho, hata katika maonyesho yanayosifiwa. Wamaori wametumia zaidi ya miaka mia moja kulisahihisha, na katika kulisahihisha wametuonyesha kazi ya mhakiki ni nini.

1. Wenye nyumba ni nani

Wamaori ni watu wa jamaa ya Polinesia, ndugu wa watu wa Tahiti, Tonga, Samoa na Hawaii. Mababu zao walifika Nyuzilandi kwa mitumbwi mikubwa yapata miaka 700 iliyopita. Kila kabila linashika jina la mtumbwi wake, sawasawa na mtu anavyoshika jina la babu yake. Kabila la Ngati Awa, linalokaa pwani ya mashariki ya kisiwa cha kaskazini, linakumbuka mtumbwi Mataatua na mkubwa wake Toroa. Wanasimulia kwamba siku ya kufika, wanaume walishuka kutazama inchi, na mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji pamoja na wanawake waliobaki ndani. Kufuatana na desturi, mwanamke hakuruhusiwa kushika kasia la mtumbwi ule. Ndipo Wairaka, binti ya Toroa (wengine wanasema ni Muriwai, dada ya Toroa), akasema yeye atafanya kama mwanaume. Akashika kasia, na mtumbwi ukaokoka. Jina la mji wao, Whakatane, linatokana na maneno yake. Msomaji amshike huyu binti, tutamrudia.

Kati ya miaka 1860 na 1870 kulikuwa na vita kati ya serikali ya wakoloni wa Kiingereza na makabila mengi. Mwaka 1866 serikali ilinyang'anya sehemu kubwa ya ardhi ya Ngati Awa, ikisema ni adhabu ya uasi. Watu wakabaki wamegawanyika, wengine bila shamba. Katika hali ile wazee waliamua kujenga nyumba kubwa ya mikutano, itakayounganisha tena koo zote. Mkubwa wa wachongaji alikuwa Wepiha Apanui. Nyumba ilifunguliwa mwaka 1875, wakaipa jina la mtumbwi wao: Mataatua. Tufikiri kidogo. Watu wamepoteza ardhi, nao wanajibu kwa kujenga nyumba na kuipa jina la chombo kilichowaleta kwenye ardhi ile. Anayesema hapa kuna «mapambo ya kienyeji» hajaona kitu. Ile nyumba ilikuwa neno la kisiasa, tena neno kali.

2. Nyumba ni mwili wa mzee

Ili kufahamu ubaya wa kuigeuza, lazima tujue namna gani nyumba ya mikutano ya Wamaori inavyopangwa. Kwa kawaida nyumba hii si mfano wa mzee wala ukumbusho wake. Ni mzee mwenyewe. Juu kabisa, mbele, pale paa linapokutana, kuna uso wake. Zile mbao mbili zinazoshuka huku na huku ni mikono yake imefunguliwa kupokea watu, na ncha zake ni vidole. Mti mrefu unaobeba paa ni uti wa mgongo. Miti inayoshuka toka uti ule mpaka kwenye kuta ni mbavu. Nguzo ya katikati ina jina linalohusu moyo. Basi mtu anayeingia mlangoni anaingia katika tumbo la babu.

Ndani, kuzunguka kuta zote, wanasimama wazee wengine, wamechongwa katika mbao pana. Vichwa vyao ni vikubwa kupita kipimo, kwa sababu kichwa ni sehemu takatifu ya mtu. Macho yao yanang'aa, kwani wanatiwa vipande vya kombe la baharini lenye rangi ya buluu na kijani. Wengine wanatoa ulimi kama mpiganaji anayetisha adui. Kila mmoja ana jina, na mara nyingi ana alama inayoeleza tendo lake. Tamatekapua, mzee wa kabila la Te Arawa, wanamchonga akisimama juu ya miti mirefu ya kutembelea, kwani habari yake inasema alipanda miti ile kwenda kuiba matunda ya chifu mwingine. Mtoto akiuliza «huyu juu ya nini ana miguu mirefu hivi?», bibi anapata nafasi ya kumsimulia habari nzima ya ugomvi uliowafanya waache inchi yao ya zamani na kuvuka bahari.

Kati ya mzee na mzee kuna sehemu iliyosukwa, kazi ya wanawake. Wanachukua matete na fito, wanazipanga, kisha wanafunga kwa nyuzi za majani, nyeupe, nyeusi na manjano. Kazi hii inadai watu wawili. Mmoja anakaa mbele, mwenzake nyuma, na uzi unapita kati yao, unakwenda na kurudi. Anayekaa nyuma haoni picha inayotokea, lakini bila yeye hakuna picha. Juu, kwenye mbavu, kuna michoro ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe inayojikunja kama kikonyo kichanga cha mmea.

Tena kuna jambo kubwa kuliko yote: nyumba hii inasalimiwa. Mgeni haingii kama sokoni. Anangoja kwenye mlango wa uwanja mpaka mama wa pale amwite kwa sauti ndefu, na mama wa upande wa wageni ajibu. Wanatembea polepole, wanasimama kidogo kuwakumbuka waliokufa. Kisha wazee wanatoa hotuba, na katika hotuba wanasalimu nyumba yenyewe, wanasalimu wafu, ndipo wanasalimu walio hai. Mwishoni wanagusana pua, wanashirikiana pumzi, halafu wanakula. Ndani ya nyumba watu wanavua viatu, wanalala chini pamoja, wanalilia maiti, wanagombana juu ya ardhi, wanapatana. Wale wazee wa ukutani wanasikia yote, kwa sababu wametazama ndani.

3. Sydney, London, Dunedin

Sasa tunaweza kuhesabu hasara ya Sydney. Kugeuza kuta ilikuwa njia isiyokula gharama nyingi, na kila mtu aliweza kuona nakshi bila kuingia. Lakini wale wazee waliokuwa wanatazamana sasa walipeana mgongo. Waliokuwa wanasikiliza watoto wao sasa walitazama mvua na watu wenye tiketi. Tumbo likawa ngozi. Kila ubao ulikuwa mzima, hakuna kilichovunjika, hakuna kilichoibiwa siku ile. Na hata hivyo nyumba haikuwako tena.

Ngati Awa walikuwa wamekubali nyumba ionyeshwe. Serikali, au Leta kama tunavyosema sisi, ikaifanya mali yake. Kukubali kuonyesha siyo kukubali kutoa: hata mtoto anayemwonyesha mwenzake mpira anajua tofauti hii. Toka Sydney nyumba ilikwenda Melbourne, toka Melbourne ikaenda London. Huko waliisimamisha kwenye kiwanja cha makumbusho ya South Kensington, kisha wakaifungua vipande na kuiweka ghalani kwa muda wa miaka yapata 40. Mwaka 1924 waliitoa kwa ajili ya maonyesho ya ufalme wa Waingereza huko Wembley. Mwaka 1925 ilirudishwa Nyuzilandi, lakini si kwao. Ilipelekwa Dunedin, mji ulio kusini kabisa, kwa maonyesho mengine, na baadaye ikawekwa katika makumbusho ya Otago. Kwa kuwa mbao zilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyokuwako, baadhi walizikata ili zienee.

Tukitazama vizuri, kila mji ulifanya uhakiki wake. Sydney ilisema: cha maana ni kinachoonekana na mpita njia. London ilisema: cha maana ni kuwa nacho, hata kama kiko gizani. Dunedin ilisema: cha maana ni nyumba yetu, ile yao ikatwe ienee ndani ya yetu. Sisemi kwamba watu wale walikuwa waovu. Wengi walipenda vitu vile kweli, walivipangusa vumbi, waliviandikia kadi. Bila ghala la London pengine mbao zingeoza au kuungua. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na ina ukweli ndani yake, hatuwezi kuitupa. Lakini inajibu swali la mbao. Swali la nyumba hailijibu. Mtu aliyemtunza mtoto wako vizuri kwa miaka mingi umshukuru, lakini shukrani ile haimfanyi mtoto awe wake, zaidi kama alimchukua bila wewe kukubali.

4. Maonyesho ya 1984: mlango ulifunguliwa nusu

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1984. Mwezi wa tisa wa mwaka ule, katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York, yalifunguliwa maonyesho yanayoitwa Te Maori, yenye vitu 174 vya zamani. Kwa sheria vitu vile vilikuwa mikononi mwa makumbusho ya Nyuzilandi. Lakini safari hii makabila yaliulizwa kwanza. Wengi walikubali, wengine walikataa, na vitu vya waliokataa havikwenda. Mmoja wa walioongoza kazi ile alikuwa mwalimu Hirini Moko Mead, mtu wa Ngati Awa, mjukuu wa walionyang'anywa Mataatua.

Siku ya kufungua, wazee wa Kimaori waliingia alfajiri, mbele ya wageni wote, wakiimba na kuomba, wakizungumza na masanamu kwa majina. Wamarekani waliokuja kuona «sanaa» waliona watu wanalia mbele ya ubao. Neno taonga likaanza kujulikana: maana yake ni kitu cha thamani kilichorithiwa, ambacho kina watu wake na maneno yake. Toka siku zile makumbusho mengi ulimwenguni yalianza kuona haya kuandika tu «sanamu, mti, karne ya 19». Maonyesho yaliendelea katika miji mingine mitatu ya Marekani, kisha yakarudi kuzunguka nyumbani katika miaka 1986 na 1987. Vijana wengi wa mijini, waliolelewa kwa Kiingereza, walikutana pale na mababu zao mara ya kwanza.

Mpaka hapa tunasifu. Sasa tukosoe, kwani uhakiki usiokosoa unakuwa nyimbo za kumsifu chifu. Maonyesho yale yalichagua vitu vigumu: mbao, mawe, mifupa. Kazi ya kusuka, mavazi makubwa ya nyuzi na manyoya, mikeka, zile kuta za matete, hayakupata nafasi. Kwa maneno mengine, kazi ya wanaume ilikwenda New York, kazi ya wanawake ilibaki nyumbani. Wanawake wa Kimaori wenyewe, wasomi na wasusi, walilisema jambo hili wazi. Nao walikuwa na haki. Nani aliyemfundisha mchaguzi kwamba kuchonga ni sanaa na kusuka ni kazi ya nyumbani? Hakufundishwa na nyumba. Katika nyumba, mzee wa mti na ukuta wa matete wanasimama bega kwa bega. Ukiondoa mmoja, upepo unaingia. Wazo hili lilitoka kwenye makumbusho ya Ulaya, yaliyozoea kuweka masanamu katika chumba cha heshima na nguo katika chumba cha nyuma.

Hapa ndipo tunamrudia Wairaka. Kabila linalokumbuka kwamba mwanamke alishika kasia mtumbwi usipotee, tena mji wake unabeba maneno yake, halikuwa na sababu ya kusahau mikono ya wanawake. Te Maori ilifungua mlango, lakini ilifungua ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili.

5. Neno «asili» na chuma

Kosa la kugeuza lina ndugu yake: kosa la kugandisha. Ni pale mhakiki anaposema kitu cha asili lazima kiwe cha zamani kabisa, kisichoguswa na mgeni. Tukifuata kipimo hicho, nyumba hizi zenyewe zitatushinda. Nyumba kubwa ya mikutano, yenye nakshi kila mahali, ilistawi hasa katika karne ya 19, Wazungu wakiisha kufika, kwa sababu makabila yalihitaji mahali pa kuzungumza mambo mapya: kanisa, ardhi, vita. Kabla ya hapo wachongaji walitumia tezo na patasi za jawe, na zilizopendwa kuliko zote ni zile za jawe la kijani. Walipopata chuma walikichukua mara moja. Te Hau ki Turanga, iliyochongwa na Raharuhi Rukupo na wenzake wa kabila la Rongowhakaata kwenye miaka ya 1840, inahesabiwa kati ya kazi bora za nyumba za zamani, kumbe ilichongwa kwa vyombo vya chuma. Hata hiyo serikali iliichukua mwaka 1867 kwa ajili ya makumbusho yake, na ni mwaka 2012 tu sheria ilipotambua kwamba ni mali ya Rongowhakaata.

Mfano mwingine ni Rongopai, nyumba ya Waituhi, iliyojengwa mwaka 1887 kwa ajili ya kumpokea nabii Te Kooti. Vijana walioipamba hawakuchonga sana, walipaka rangi: maua, miti, farasi wa mashindano, watu katika nguo za Kizungu. Wazee wengine walishangaa na kuchukia. Wataalamu nao, kwa muda mrefu, waliipita bila kuitazama, wakiona ni asili iliyoharibika. Sisi tunaona kinyume. Vijana wale walijua kwamba babu asiyeweza kuvaa koti la leo ni babu aliyekufa kweli. Waliendelea kufanya kazi ile ile ya nyumba, yaani kuweka ukoo ukutani. Walibadili mkono tu.

Hata wokovu unaweza kugandisha. Katika mwaka 1927 mwanasiasa wa Kimaori Apirana Ngata alianzisha mjini Rotorua shule ya kuchonga, kwani mafundi walikuwa wanakwisha. Mmoja wa wanafunzi wake, Pine Taiapa, alitafuta mtu anayejua bado kutumia tezo kwa namna ya wazee, akampata Eramiha Kapua, mzee wa Te Arawa, akajifunza kwake. Bila Ngata na bila mzee yule, mnyororo ungekatika. Nyumba nyingi zilisimama tena juu ya kazi ile. Lakini shule ilipenda mfano mmoja wa nyumba, ya nakshi safi, na ile njia ya Rongopai ya rangi na farasi ikaachwa pembeni. Kuokoa ni kuchagua, na kila anayechagua anaacha kitu nje. Mhakiki mwaminifu anasema vyote viwili: anamshukuru mwokozi, na anaonyesha kilichobaki majini.

6. Kurudi, na swali letu

Ngati Awa hawakuacha kuidai nyumba yao. Mazungumzo marefu na serikali na makumbusho ya Otago yalifika mwisho mwaka 1996, na Mataatua ikarudi mikononi mwa wenyewe. Ilikuwa imekaa kwao miaka 4 tu, ikatembea miaka 117. Kisha ilihitaji miaka mingine 15 ya kazi. Mbao zilizokatwa zilidai kuungwa, zilizopotea zilidai kuchongwa upya, kuta za matete zilidai kusukwa na mikono mipya. Mwezi wa tisa wa mwaka 2011 ilifunguliwa tena Whakatane, kuta zikitazama ndani.

Kuna atakayeuliza: je, nyumba yenye mbao mpya na mbao za zamani bado ni ile ile? Mhakiki wa makumbusho atasema hapana, ni nusu. Lakini tuulize nyumba ilikuwa na kazi gani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha watu waliovunjwa. Vijana waliosuka kuta mpya walijifunza kusuka. Waliochonga walijifunza majina. Ubao mpya uliomfundisha kijana jina la babu yake umefanya kazi ambayo ule wa zamani, ukiwa ghalani London, haukuifanya siku hata moja.

Atakayetaka kutuchokoza zaidi atasema: baada ya kufunguliwa, Mataatua ilipokea pia watalii, nao walilipa. Tofauti na Sydney iko wapi? Tofauti iko kwenye mlango. Hapa mgeni anaitwa, anavua viatu, anasikia habari toka kwa mtu wa nyumba, tena anasikia na ile habari ya ardhi iliyonyang'anywa. Fedha si dhambi yenyewe. Hatari ingetokea siku ambayo mwenye nyumba angeanza kupunguza maneno ili mgeni asichoke. Siku ile kuta zingekuwa zimegeuka tena, na safari hii waliozigeuza wangekuwa wenyewe.

Sisi wa Congo tuna sababu ya kuisikia habari hii kwa masikio mawili. Kati ya 1976 na 1982, makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji, yalirudisha vitu 114 kwa taasisi ya makumbusho ya taifa mjini Kinshasa. Tulifurahi, na ilifaa kufurahi. Lakini vile vitu vilitoka ghala moja vikaingia ghala lingine, na baadaye baadhi yao viliibiwa. Hakuna mama aliyeviita kwa sauti kwenye mlango wa uwanja, hakuna kijiji kilichoulizwa jina lao. Tulipokea mbao, nyumba hatukuijenga. Leo, tunapodai vingine, na tuvidai kwa nguvu, lazima tujiulize pia vitafikia wapi: katika tumbo la nani? Nani bado anajua kuvisalimu?

Swali hili halingoji Ulaya ijibu. Linaanzia kwa mtu anayeandika katika kijitabu kama hiki. Tunapoeleza kinyago, ngoma au mkeka, tuandike aliyechonga na aliyesuka, siku kitu kilipotoka na siku kilipofichwa, nani aliruhusiwa kukiona na nani alikatazwa, na maneno yaliyosemwa mbele yake. Kama hatuyajui, wazee wangali hai wachache. Twende tuwaulize, tena tuwaulize na bibi zetu, siyo wazee wanaume tu. Picha nzuri kwenye karatasi nyeupe inapendeza, lakini bila maneno yale tumefanya kama Sydney: tumeonyesha nakshi, na wazee wamebaki wanatupa mgongo.

Nyumba njema si mlango. Watu wa Ngati Awa walingoja miaka 132 kusudi waweze kumwambia mgeni neno lile la pili la methali: fungua, uingie ndani.